Siku ya Tatu ya Bastola

Bastola ya Jackton ilikuwa na ratiba kali kuliko ya watu wa nyumba ile. Mwezi ambao haikufyatuliwa, iliogeshwa mara moja tu: Jumapili ya kwanza, baada ya kanisa, kabla ya chai. Mwezi ambao Jackton alikwenda kwenye kiwanja cha shabaha kunoa mkono, iliogeshwa jioni ile ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Siku tatu mfululizo, hata kama alipiga risasi moja. Mwaka ambao binti yao Mercyline alilazwa kwa malaria, Jackton alitoka wodini siku ya pili, akaja nyumbani Mountain View kuipitisha kitambaa, akarudi wodini.

"Bunduki iliyolia hailali bila kunawa," alikuwa akisema, halafu anaikwaruza sauti iwe ya Sajini Nthiwa, aliyemfundisha jeshini. "Siku ya kwanza unaosha moshi. Siku ya pili unaosha jasho. Siku ya tatu unaosha uvivu wako."

Wenzake walinzi walimcheka. Risasi za siku hizi hazili chuma kama za zamani, walimwambia. Osha mara moja, weka mafuta, nenda ukalale. Jackton aliwasikiliza kwa heshima, akaendelea na siku zake tatu.

Kazi ya mkewe, Namalwa, ilikuwa vitambaa. Alikuwa fundi cherehani Kilimani, katika karakana ya Jacklyne iliyoshona sare za wauguzi, na mabaki ya pamba nyeupe hayakukosekana pale. Waithera, aliyekaa cherehani ya pili kutoka dirishani, ndiye aliyemkusanyia mabaki hayo kwenye mfuko.

"Chukua, mama Mercyline," alizoea kusema. "Taulo za mke mwenza wako."

"Mke mwenza gani?"

"Si yule mweusi, mfupi, anayelala chini ya mto wa bwana? Anaogeshwa kuliko wewe!"

Karakana nzima ilicheka, na Namalwa akacheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli. Nyumbani alivikata vitambaa hivyo vipande vidogo, kila kimoja sawa na biskuti, na Jackton akishavitumia, Namalwa alivitupa kwenye makaa ya jiko.

Jumanne ile alirudi saa kumi na moja na nusu, akamkuta mumewe ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Gazeti limetandazwa, bastola imefunguliwa vipande vinne, brashi ya shaba iko mkononi.

"Mlienda shabaha leo?"

"Hapana. Vumbi tu. Mzee alikuwa na safari ya Rongai, barabara inachimbwa."

Mzee alikuwa Thuo, mwenye nyumba za kupangisha kuanzia Kabiria mpaka Kilimani. Jackton alikuwa mlinzi wake mwaka wa sita sasa, na hata nyumba hii waliyokaa ilikuwa ya Thuo.

Namalwa aliinama kuokota vitambaa vilivyotumika. Anayekaa na mvuvi huyajua magamba. Yeye alijua kitambaa cha vumbi, kina rangi ya chai ya rangi. Hivi vilikuwa vyeusi kama masizi ya sufuria, na vilinuka baruti. Alikwenda navyo hadi jikoni. Makaa yalikuwa yamekolea. Badala ya kuvitupa, alivitia kwenye kopo tupu la biskuti, akalifunika. Mkono ulitangulia, akili ikabaki nyuma ikiuliza kwa nini.

Jumatano kiti cha Waithera kilikuwa kitupu.

"Ndugu yake amepigwa risasi," Jacklyne alisema. "Mwaura, yule wa pikipiki ya kupeleka vyakula. Jana mchana, hapa hapa Kilimani. Ni paja, anapumua. Lakini wanasema ni mwizi."

"Mwizi? Mwaura?"

"Aki nakuambia. Yule mtoto hata chenji ya shilingi kumi anarudisha."

Namalwa alishona sare nne siku ile, akafumua tatu. Aliporudi nyumbani, gazeti lilikuwa limetandazwa tena kizingitini.

"Vumbi la jana halijaisha?" aliuliza.

"Namalwa," Jackton alisema, bila kuinua macho.

Basi. Yeye Mbukusu, mumewe Mjaluo, Kiswahili ndicho kilichowaozesha, na katika Kiswahili chao kwa miaka kumi na mitatu aliitwa mama Mercyline. Jina lake mwenyewe lilitoka pale palipokuwa na jambo lisilosemeka. Alisubiri mumewe aingie ndani, akaokota vitambaa. Leo vilikuwa vya kijivu. Jasho, kama alivyosema Sajini Nthiwa. Akavitia kwenye kopo juu ya vile vya jana.

Alhamisi Waithera alikuja, macho yamevimba, kuomba ruhusa ya wiki nzima. Walimketisha, Jacklyne akamletea chai ambayo hakuinywa.

"Alikuwa anapita ile njia ya nyuma," alisema. "Pikipiki ikagusa kioo cha gari kubwa. Mwenye gari akashuka na matusi, mlinzi wake akashuka pia. Mwaura akaona, wacha nipige picha, nisisingiziwe. Akatia mkono kwenye jaketi atoe simu. Mlinzi akampiga risasi. Sasa sikiliza alichoandikisha mwenye gari: ati walikuwa majambazi wawili kwenye pikipiki, ati yule wa pili ndiye aliyekuwa na bunduki, akampiga mwenzake kwa bahati mbaya, akatoroka. Ati mlinzi wake hata hakutoa bastola kiunoni!"

"Hakuna aliyeona?" Jacklyne aliuliza.

"Walisikia mlio tu. Wanaume wazima wa vibandani walikuwa chini ya meza. Mwaura amefungwa pingu kitandani, mguu mmoja una bandeji, mkono mmoja una chuma. Kesho saa nne ile bastola ya mlinzi inapelekwa kukaguliwa mjini. Wakiikuta safi, risasi zake zimetimia, basi ndugu yangu ni jambazi. Wizi wa kutumia nguvu, mama Mercyline. Unajua hiyo ni kesi gani?"

Namalwa alijua. Mtu aliweza kuingia na kesi hiyo akiwa kijana, asitoke.

"Gari ni la nani?" aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Mzee mmoja anaitwa Thuo."

Waithera alikuwa akijua kwamba bwana wa Namalwa analinda tajiri fulani. Tajiri gani, hakuwahi kuuliza. Alisimama, akafungua mtoto wa meza yake kuchukua miwani, na mkono wake ukatoka na mfuko.

"Hizi nilikuwekea Jumatatu," alisema, akajaribu kutabasamu. "Za mke mwenza."

Namalwa aliupokea mfuko ule. Alisema asante. Tangu azaliwe hakuwahi kulionea haya neno asante kama siku ile.

Aliomba kutoka mapema. Saa kumi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mfuko uko mapajani. Jackton alifika baada ya robo saa, simu iko sikioni. "Sawa mzee. Itakuwa safi, mzee. Saa nne, ndiyo." Akakata, akamwona.

"Mama Mercyline. Nipishe kidogo, nifanye kazi."

"Kazi gani?"

"Si unaijua."

"Leo ni siku ya tatu."

Jackton alitandaza gazeti sakafuni jikoni, akatoa bastola, akavuta kasha la risasi, akaikagua chemba mara mbili isibaki na risasi, kama kawaida yake. Vidole vilivyokuwa vikiifungua kwa kupepesa jicho leo viliteleza.

"Nipe kitambaa."

"Sina."

"Na huo mfuko?"

"Una mwenyewe. Umetoka kwa Waithera. Unajua Waithera ni dada ya nani?"

Nje, mtoto wa jirani aliita kuku. Jackton akaketi chini, mgongo kwenye kabati, bastola iliyofunguliwa ikiwa kati ya miguu yake kama samaki aliyepasuliwa.

"Niliona mkono ukiingia kwenye jaketi," alisema.

"Ukatoka na nini?"

"Ilikuwa nusu sekunde."

"Ukatoka na nini, baba Mercyline?"

"Simu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ilianguka kamera ikiwa imewaka. Nilijiona mle ndani. Nimesimama na bastola, najiona mwenyewe. Mzee akaikanyaga."

"Halafu?"

"Akasema niingie kwenye gari. Jioni akanipa risasi moja ya kuziba pengo. Nikamwambia, mzee, yule kijana hakuwa na kitu. Akaniuliza: nyumba unayolala ni ya nani? Karo ya mtoto wako anayesoma Kitale analipa nani?" Alimtazama mkewe mara ya kwanza. "Nikisema, leseni imekwenda. Kazi imekwenda. Hapa tunatolewa na vyombo. Na mimi naingia ndani."

"Na usiposema?"

"Yule kijana..."

"Ana jina. Anaitwa Mwaura. Dada yake ndiye anayekukusanyia taulo za hii takataka miaka minne."

Jackton aliinuka ghafla. Alivuta mtoto wa kabati, akapekua, akafungua wa pili. Mtu ambaye angeweza kuchana shati lake na kumaliza alikuwa akitafuta kitambaa cheupe cha pamba, kwa sababu hakujua kusafisha kwa kingine. Alirudi na leso yake ya kanisani, ile aliyodariziwa na Namalwa herufi mbili pembeni. Akaizungusha kwenye ncha ya fimbo. Fimbo ilifika mdomoni mwa mtutu.

Namalwa hakumzuia. Alisimama mbele yake tu.

"Siku ya kwanza unaosha nini?"

"Mama Mercyline, tafadhali."

"Nijibu. Umeniimbia hapa miaka kumi na mitatu. Siku ya kwanza?"

"Moshi."

"Ya pili?"

"Jasho."

"Na ya tatu?"

Jackton aliitazama leso kwenye ncha ya fimbo.

"Wewe si mvivu," Namalwa alisema. "Sijaona mtu asiye mvivu kama wewe. Leo unataka kumwosha mtu. Unataka kumfuta humo ndani asionekane kwamba alipita."

Akaenda nyuma ya pipa la unga, akatoa kopo la biskuti, akalifungua chini ya macho yake. Vyeusi vya Jumanne, vya kijivu vya Jumatano. Jackton alivitazama kimoja kimoja. Hakuuliza kwa nini havikuchomwa.

"Kesho nakwenda mjini na kopo hili," alisema Namalwa. "Ningependa kwenda nawe. Lakini miguu yangu inaijua njia hata peke yangu."

"Utanifunga mwenyewe?"

"Nimelala kando yako siku mbili na nilikuwa najua. Mimi nimeshajifunga."

Machozi yalimtoka Namalwa, akayaacha yashuke. Alikuwa akimpenda mtu huyu, na hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa mtu mbaya, kopo lingekuwa jepesi.

Jackton aliichomoa leso kwenye fimbo. Akaunga bastola polepole, bila tone la mafuta, akaifunga ndani ya leso, akaiweka juu ya meza ambapo bastola haikuwahi kuwekwa. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, haikulala chini ya mto.

Asubuhi walipanda teksi hadi katikati ya jiji. Simu ya Jackton ilitetemeka tangu Westlands. Jina la mzee liliwaka, likazimika, likawaka. Hakuigusa. Ofisi ya ukaguzi wa silaha ilikuwa ghorofa ya pili, na afande aliyewapokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, anayeonekana kuwa na bastola nyingine kumi za kukagua kabla ya chakula cha mchana.

Aliipokea bastola, akahesabu risasi, akaandika. Zilitimia. Akaenda dirishani, akachungulia mtutu.

"Ni safi," alisema. "Uliisafisha mara ya mwisho lini?"

"Jumatano."

"Na kabla ya hapo?"

"Jumanne."

"Kabla ya hapo?"

"Jumapili ya kwanza ya mwezi."

Afande akacheka kidogo, bila ubaya. "Wewe buda unapenda usafi! Bastola ambayo haijapigwa, unaiosha kila siku ya nini? Si utaimaliza?"

Jackton alimgeukia mkewe. Namalwa aliweka kopo la biskuti juu ya meza, akafungua kifuniko, akarudi nyuma hatua moja. Lililobaki halikuwa lake kulisema.

"Haioshwi kila siku, afande," Jackton alisema. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, si ya sajini. "Ikiwa haijapigwa, ni mara moja kwa mwezi. Siku tatu ni ikiwa imelia. Hii imeoshwa mbili. Ya tatu nimeiacha."

Kalamu ya afande ilisimama. Alichungulia ndani ya kopo, akavua miwani, akaivaa tena. Akavuta karatasi mpya.

"Ililia wapi?"

"Kilimani. Jumanne, saa saba kasorobo mchana."

Namalwa hakubaki kusikia mengine. Alishuka ngazi akishikilia ukuta, akasimama barabarani katikati ya watu waliokuwa wakiwahi mambo yao. Mkobani mwake mlikuwa bado na mfuko wa vitambaa vyeupe, havijaguswa. Akapiga simu.

"Mama Mercyline?" Waithera alipokea mara moja, kwa pumzi za mtu aliyekesha. "Uko wapi? Kuna habari zozote kutoka huko mjini? Sisi hapa hatuambiwi kitu."

"Zipo. Uko hospitali?"

"Niko hapa kwa Mwaura. Ni gani hizo? Niambie basi!"

"Usitoke hapo," Namalwa alisema. "Nakuja kukuambia nikiwa nimesimama mbele yako."