Kengele ya Dunguni

Ti-ti-ti-ti. Sauti ilitoka kwenye kopo la maziwa lililoning'inia juu ya kinu, giza bado halijaisha. Sihaba akakurupuka. Mama yake, Bi Mwanamize, alikuwa ameshasimama ukingoni mwa dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, tochi mkono huu, debe la kufukuzia wanyama mkono ule, anamulika mpunga chini ya nguzo.

"Haya, huyo nguruwe yuko wapi?"

Hakukuwa na nguruwe. Mpunga ulisimama kimya, maji yakimeta katikati yake.

"Siku ya tatu hii, mwanangu. Zamani nilikuwa nakesha kwa ajili ya nguruwe. Sasa nakeshea kopo!"

"Labda waya umelegea, mama."

"Umelegea, umekaza, mimi sijui. Likinidanganya tena, utakuja kulinda mwenyewe mpaka tuvune. Peke yangu siwezi. Masomo yako ya jioni utayakuta mwakani."

Sihaba alimfunika khanga binti yake, Mwanaamina, wa miaka minne. Miaka miwili alikuwa amesoma ufundi wa elektroniki pale Kibiti, mtoto akilala kwenye dawati la nyuma. Mtihani wa cheti ulikuwa karibu. Kengele ikifanya kazi, mama angelala na yeye angesoma. Ikishindwa, basi tena.

Kengele yenyewe, iliyowashwa usiku tu, haikuwa na makuu. Nyaya mbili za kufungia, tupu, zilizunguka shamba juu ya vijiti, moja juu ya mwenzake. Nguruwe akisukuma, zinagusana, na kopo, lenye king'ora kidogo ndani, linalia. Kilichoamua lini lilie ni chipu nyeusi ya miguu minane, ndogo kuliko punje mbili za kunde. Aliipata kwa posta kutoka kwa Pavel, mtu asiyemjua sura, aliyekutana naye kwenye baraza la intaneti la watu wanaounda vidude kwa kupenda tu. Wengine walikuwa walimu, wengine wastaafu, mmoja muoka mikate. Sihaba aliwaandikia kwa Kiingereza chake cha darasa la jioni, na hakuna aliyemcheka.

Jumatatu aliporudi Kibiti alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha intaneti cha Nassibu, chenye kompyuta tatu zilizokuja mitumba kutoka Dubai. Aliandika shida yake, akaongeza saa ambazo kengele ililia, maana alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari.

Majibu yalikuja. Badili betri. Kaza vijiti. Pavel alitazama zile saa, akaandika: "Kila siku inachelewa kama dakika hamsini. Chipu ina hitilafu. Nitakutumia nyingine."

Sihaba akahesabu siku kwenye daftari. Barua kutoka kwa Pavel ilichukua mwezi mzima, na mpunga haungemsubiri posta.

Ijumaa akapanda gari hadi Nyamisati, kisha mtumbwi, akaenda kung'oa nyaya zake. Ajabu, wiki ile kengele haikulia hata mara moja.

"Imenyamaza yenyewe," alisema Bi Mwanamize akipepeta mchele. "Hao Wazungu wako wanasemaje?"

"Wanasema chipu ni mbovu. Ijumaa ililia saa kumi na robo alfajiri. Jumamosi saa kumi na moja na dakika tano. Jumapili..."

"Karibu na saa kumi na mbili."

"Umejuaje, na saa huna?"

Ungo ulisimama. Bi Mwanamize alimtazama bintiye, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "We Sihaba! Umezaliwa humu humu deltani, leo unaniuliza maji yanajaa saa ngapi? Lilikuwa bamvu lile, maji makubwa ya mwezi! Hivi vijiti ulivipigilia lini?"

Sihaba akaziba mdomo. Alivipigilia wakati wa maji mafu, bahari isipopanda sana, shamba likiwa kavu, akapima kimo cha nguruwe tu. Bamvu lilipokuja, maji yalipanda mpaka kwenye nyaya zote mbili na kuziunganisha. Chipu haikuwa na kosa lolote. Iliambiwa ilie umeme ukipita, na umeme ulipita.

"Na sasa maji mafu, ndiyo maana kimya," alisema polepole.

"Shule imekuingia," mama akamtania. "Kijiji ndicho kilichokutoka."

Hakung'oa nyaya. Alichomoa chipu, akaifunga kwenye pindo la khanga, akarudi Kibiti. Barazani habari ilileta furaha kubwa. Pavel, ambaye nchi yake haina bahari, aliiomba radhi chipu, akasema mkosaji ni mwezi. Kisha wakamsaidia kuandika amri mpya: maji hupitisha umeme kidogo, basi kopo lilie mara moja tu, liache. Nyaya zikigusana, umeme hupita wote, basi lipige kelele.

"Mama Mwanaamina," Nassibu alisema akimwona anachomeka vijiwaya vya chipu nyuma ya kompyuta ili kuitia amri hizo, "ukiniunguzia hii, nahamia kwenu kulinda nguruwe."

"Karibu. Debe lipo."

Bamvu lililofuata lilimkuta Sihaba dunguni. Usiku wa kwanza kopo lilipiga kelele, na nguruwe wawili wakakimbia kwa mlio wa debe. Usiku wa pili lililia mara moja. "Maji hayo," Bi Mwanamize alinong'ona, akageukia upande wa pili.

Asubuhi jua lilikuta daftari la mtihani limefunguliwa mapajani mwa Sihaba. Jirani, Mwamini, alipita na mtumbwi, akaita kwa sauti, "Bi Mwanamize! Hujambo? Mbona kimya?"

Mwanaamina akachungulia kutoka juu ya ngazi.

"Bibi bado amelala."