Dawa ya Chimène

Nabintu alikuwa jikoni kwake, mtaa wa Iroquois, Louisville, Marekani, akichambua sombe, majani ya muhogo, baada ya ibada, simu ilipolia. Alikuwa mdogo wake, Zihindula, anayekaa Lackawanna, jirani na Buffalo. Hakumsalimu dada yake.

"Yaya, Aline anatapika tangu jana. Kichwa inamuuma, na anasema anaona baba wawili mahali niko mimi peke yangu."

Nabintu alisukuma majani kando. Dawa ya sindano aliyokuwa akidungwa Aline ilitoka kwake.

Binti yake Chimène, wa miaka kumi, alikuwa akidungwa homoni ya ukuaji kila jioni. Kabla ya sindano ya kwanza madaktari walimtoa damu, wakampiga picha mkono na kichwa, na mpaka leo walimpima uzito na kimo kila baada ya miezi michache ndipo wapange kipimo cha dawa. Katika mwaka mmoja suruali zake zote zikawa fupi. Zihindula aliona picha, akamtazama binti yake Aline, mfupi kuliko darasa zima, akaomba. Na kwao, tangu Kivu, Kongo, hadi kambi ya wakimbizi, dawa ilikuwa mali ya ukoo: mmoja akipewa vidonge, wote wenye homa humeza. Nani amnyime mtoto wa nduguye? Wiki tatu zilizopita Nabintu alitenga kalamu mbili za sindano zenye dawa hiyo, akazifunga na barafu, akampa binamu yao Marcellin, dereva wa lori. Marcellin alilaza dawa kwenye friji yake huko Gahanna, Columbus, kesho yake akaifikisha Buffalo, akitania kwamba hajawahi kusafirisha urefu.

"Ulikuwa unamdunga kiasi gani?" Nabintu aliuliza.

Zihindula alikiri kwamba alizidisha. Mtoto alikuwa amechelewa kukua, bon, alitaka awafikie wenzake upesi. Sasa walikuwa hospitalini, wanangoja kuitwa, naye angesema Aline amekula samaki mbaya. Akitaja dawa, watamtafuta Nabintu, Chimène atakatiwa dawa yake, na pengine wataulizwa hata karatasi zao za kuishi nchini.

Nabintu alivuta kiti, akaketi. Alikumbuka muuguzi aliyemwonya siku ya kwanza: kichwa kikiuma sana, mtoto akitapika au akiona vitu viwili viwili, acha sindano, piga simu, usingoje kesho. Alikuwa ameitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayeagizwa kufunga mlango. Sebuleni Chimène alicheka na katuni zake.

"Zihindula, wakitibu samaki, macho ya mtoto watatibu lini?"

"Na wa kwako je, yaya?"

"Wa kwangu anacheka. Mpe muuguzi simu."

Alisikia viatu, mlango, kisha sauti ya mwanamke. Kiingereza chote kilimtoroka. Aliomba mkalimani, akangoja, halafu akaeleza: dawa gani, siku ngapi, kipimo kimezidishwa, mtoto hakuwahi kupimwa. Alisema yeye ndiye aliyeituma. Mwanamke yule alimwita mtu kwa haraka. Machela ikasikika ikisukumwa, na Aline akilia.

Sauti ilirudi. Mkalimani akauliza dawa iliandikwa kwa jina la nani.

Nabintu alitazama mlango wa sebule. Alitaka kukata simu. Kisha akataja jina la binti yake, herufi moja moja, polepole, ili wasikosee.