Mlango wa Chumba Namba Nne

Kufikia saa tano asubuhi Mama Pasi alikuwa amekwisha kunyoosha mashati saba, na la nane lilikuwa linamtoa jasho. Lilikuwa la mhasibu wa duka la vipuri, mtu mwembamba anayetaka mikono ya shati lake isimame kama imepigwa rula. Mkaa wa pasi ulikuwa unakaribia kwisha. Jana muuza mkaa alimpimia kopo lile lile kwa bei nyingine, na alipouliza akaambiwa, "Mama, mimi nami nauziwa." Akalipa. Angefanya nini?

Alikuwa anapuliza majivu kwenye tundu la pasi aliposikia viatu vinakimbia ukumbini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

Alikuwa Dada Faili, yule binti wa kituo cha ushauri wa makazi, kile chenye meza mbili nyuma ya duka la misumari. Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wamelisahau, kwa kuwa kila aliyeingia pale alitoka na faili la kijani mkononi na maneno yale yale masikioni: soma kwanza, sahihi baadaye. Hawakumtoza mtu hata senti. Mwanzoni Mama Pasi aliogopa, maana maisha yamemzoesha kwamba anayekuchekea bila kukudai kitu huenda anakuja kudai baadaye. Lakini alikwenda Jumamosi ya kwanza, akakaa karibu na mlango ili aweze kutoka. Jumamosi ya pili akakaa katikati. Ya tatu akauliza swali.

"Wamezirudisha," alisema Dada Faili.

"Wamerudisha nini?"

"Zile picha za risiti zako. Karani wa dirisha la pili amesema picha za simu hazitaki. Anataka risiti zenyewe, halisi. Na mwisho wa kupokea ni leo, saa tisa."

Mama Pasi aliiweka pasi juu ya kigae chake. Wote wawili wakageuka kuutazama mlango.

Ofisi ya nyumba, inayomiliki jengo lile, ilikuwa imetangaza kuuza vyumba. Mpangaji aliyeweza kuthibitisha kwamba amelipa kodi miaka kumi bila kuruka mwezi, huyo angeuziwa chumba chake mwenyewe, kwa kulipa kidogo kidogo. Asiyeweza, chumba kingeuzwa kwa mtu yeyote. Na huyo mtu yeyote alikuwa anajulikana. Alikuwa shemeji wa Kufuli, msimamizi wa jengo, na shemeji huyo alikuwa amekwisha kuja mara mbili kupima chumba namba nne kwa hatua, akisema mifuko ya saruji itakaa vizuri pale.

Msimamizi aliitwa Kufuli kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoipenda. Ukichelewa siku tatu, ulirudi ukakuta kufuli lake mlangoni pako. Hakujua kubisha. Alipiga mlango kwa ngumi iliyoshika furushi la funguo, kishindo cha kuamsha jengo zima, na watoto waliacha kula.

Mwaka ule mume wa Mama Pasi alipotangulia mbele za haki, panya walikula sanduku lake la risiti. Kufuli akasema kuna mwezi haujalipwa. Mama Pasi alijua umelipwa, Mungu alijua, Kufuli naye alijua. Lakini risiti ilikuwa tumboni mwa panya, kwa hiyo akalipa mara ya pili. Tangu siku hiyo kila risiti aliyopewa aliikorogea gundi ya unga wa ngano akaibandika upande wa ndani wa mlango, kuanzia juu kushoto, kwa mistari iliyonyooka kama pindo za mashati yake. Panya hawezi kupanda mlango. Na kila Kufuli alipokuja na maneno ya mwezi uliopotea, Mama Pasi alifungua mlango wazi kabisa, akasimama kando na kusema, "Soma, baba." Mende walipoanza kuutafuna unga, Fundi wa chumba namba sita alimpakia vanishi juu ya risiti, tabaka mbili, bure. Mwezi uliopita zilitimia risiti mia moja na ishirini. Miaka kumi kamili.

"Hazibanduki?" aliuliza Dada Faili.

"Kila kitu hubanduka kwa mvuke," alisema Mama Pasi.

Hapo ndipo alipokosea. Pasi ilikuwa imemtoa katika mambo mengi, hata akaiamini kupita kiasi. Alilowesha kitambaa, akakiweka juu ya risiti ya kwanza kabisa, ile ya juu kushoto, akabana pasi kwa upole kama anavyofanya kwenye hariri. Unga ungelegea, kweli. Lakini alisahau vanishi. Vanishi iliyeyuka, ikanuka, ikashika kitambaa kama lami, na alipokiondoa, nusu ya juu ya risiti ikatoka nacho. Jina lake na tarehe vilibaki kwenye kitambaa. Namba na sahihi ya Kufuli vilibaki mlangoni.

Mia moja na kumi na tisa. Miaka kumi kasoro mwezi mmoja.

"Ee Mola," alisema Mama Pasi polepole, "leo usiniache." Akakibandua kipande kile kwa ukucha, pole pole, akakitia ndani ya kitabu chake cha sala na kukifunga. Kisha akakaa kitandani, akaitazama mikono yake.

Fundi alikuwa amesimama kizingitini, ameitwa na harufu. Mtu wa maneno machache, na machache hayo mengi ni ya utani.

"Mama, umechoka na nyumba sasa unataka kuichoma?"

Dada Faili akamweleza. Fundi akasikiliza huku akipapasa fremu ya mlango kwa kidole gumba, kama daktari.

"Wanataka risiti zenyewe," alisema.

"Zenyewe."

"Basi wapelekeeni. Mlango huu una bawaba tatu na skrubu kumi na mbili. Nipe robo saa."

Dada Faili alifungua mdomo kukataa. Akaufunga. Akatoa karatasi ya masharti kutoka kwenye faili na kuisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikitembea. "Haikusema zisiwe zimebandikwa," alisema. "Haikusema popote."

Bibi wa chumba cha tano alileta kigoda chake akakaa palipokuwa na mlango. "Nendeni," alisema. "Mwizi atapita juu ya magoti yangu, na magoti haya yana yabisi, yakiguswa napiga kelele mpaka mjini."

Fundi alishika mbele, wanawake wawili nyuma, risiti zikitazama juu, zimefunikwa shuka. Kutoka pale hadi ofisi ya nyumba ni mwendo wa dakika arobaini kwa mtu asiyebeba mlango. Walipumzika mara tano. Watu hawakuacha kuuliza.

"Mnahama?"

"Anahama mlango peke yake," alijibu Fundi. "Amekosana na ukuta."

Mama Pasi alicheka bila kutaka, na kucheka kulimpa nguvu ya kufika kona iliyofuata.

Getini mlinzi aliwanyooshea rungu. "Samani haziingii. Mlango wa mizigo uko nyuma, na umefungwa."

"Si samani," alisema Dada Faili. "Ni nyaraka."

Mlinzi aliinua pembe ya shuka. Akainama. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, midomo ikicheza. Aliposimama tena, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. "Mimi nami napanga," alisema kwa sauti ya chini. "Piteni upande huu, pana upana."

Foleni ya dirisha la pili ilikuwa na watu kama ishirini. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika kumi. Waliusimamisha mlango ukutani, wakausogeza kila foleni iliposogea, na mpaka walipofika mbele, hapakuwa na mtu asiyejua habari yake.

Karani alikuwa kijana wa miwani, shati jeupe lililonyooshwa vibaya begani. Mama Pasi aliliona hilo kabla ya kuona uso wake.

"Hiki ni nini?"

"Risiti zangu, mwanangu. Zenyewe, kama mlivyosema."

"Mama, hii ni ofisi. Risiti zinatobolewa, zinatiwa kwenye faili. Mlango nitautobolea wapi?"

"Nimekuja na keekee," alisema Fundi.

Foleni ikacheka. Karani hakucheka. Dada Faili akapitisha masharti chini ya kioo, akaweka kidole pale panaposema risiti halisi, akamwomba kwa adabu amwonyeshe pale panapokataza ubao. Karani alisoma. Alimwita mkuu wake, mkuu alikuwa mkutanoni. Akasoma tena. Mwisho akatoka kwa mlango wa pembeni, na kalamu mkononi, akaanza kuhesabu.

Aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, akaanza kuhesabu naye. Kisha wengine. "Arobaini na moja. Arobaini na mbili." Ofisi nzima ikawa inahesabu. Mama Pasi alikuwa amefumba macho. Alizijua zote bila kuzitazama. Ile ya mwezi aliolazwa, akalipiwa na jirani. Ile ya mwezi aliouza cherehani. Mwezi aliokula mara moja kwa siku, na hakumwambia mtu.

"Mia moja na kumi na tisa," alisema karani. Akagusa pembe ya juu kushoto. "Na hii ni nusu. Haina jina. Haina tarehe. Hii siwezi kuihesabu."

Saa ilisema saa tisa kasoro dakika sita.

Mama Pasi alifungua kitabu cha sala. Kile kipande kilikuwa kimelala bapa, kimenyooka, kama nguo iliyopigwa pasi. Akakiinua kwa ncha za vidole, akakiweka mahali pake mlangoni. Meno ya mpasuko yakaingiana, moja baada ya jingine, na mstari wa wino uliokatika ukawa mstari mmoja tena. Karani aliusogelea, akavua miwani, akavaa.

"Nani aliichana?"

"Mimi. Leo asubuhi. Nilikuwa nafanya mlivyotaka."

Yule kijana alimtazama kidogo. Labda alikuwa na mama. Labda alikuwa amechoka tu. "Mia moja na ishirini," alisema, na nyuma yao mtu akapiga makofi mara moja, akaona haya, akaacha.

Mhuri haukushika kwenye vanishi. Wino uliteleza kama maji juu ya jani. Fundi akatoa kipande cha msasa mfukoni, akakwangua mahali padogo pa chini, na hapo mhuri ukakaa: IMEPOKELEWA. Karani akaandika barua, nakala tatu. Dada Faili akaisoma yote kabla ya kumpa Mama Pasi kalamu, na Mama Pasi naye akaisoma yote, neno kwa neno, wakati foleni ikisubiri, na hakuna aliyenung'unika. Chumba namba nne kimeondolewa kwenye orodha ya kuuzwa kwa wengine. Mnunuzi ni yeye. Akatia sahihi, kubwa, kwa herufi za darasa la saba.

"Haya," alisema Fundi, akishika mlango. "Turudi nyumbani, ndugu yangu."

"Hapana," alisema karani. "Huo ni kiambatisho. Kiambatisho halisi hubaki ofisini mpaka hati itoke. Siku tisini."

"Siku tisini mama wa watu alale wazi?"

"Ndio utaratibu." Alisema hivyo akitazama chini. Akamkatia karatasi ndogo: *mlango mmoja, wa mbao, wenye risiti*. Wakauacha umeegemea kabati la mafaili, na mtu akiingia anadhani kuna chumba nyuma yake.

Walipofika njiani Mama Pasi aliomba wapumzike. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akalia kidogo, si kwa huzuni, akajipangusa kwa pembe ya kitenge. "Asante," alimwambia Mola wake, na Dada Faili akadhani anaambiwa yeye, akajibu, "Karibu mama," na Mama Pasi akaona ni sawa, wote wawili walistahili.

Jioni, kabla jua halijazama, alikuwa amekwisha kutundika shuka palipokuwa na mlango. Fundi alimwahidi mbao kesho kutwa. Mama Pasi alikuwa anarudia shati la mhasibu, mkono wa kushoto, aliposikia furushi la funguo likija ukumbini. Lilikuwa linakuja kwa kasi. Habari zilikuwa zimefika.

Akaliona lile umbo nje ya shuka. Akaona mkono unainuka, ngumi na funguo. Mkono ukashuka kwa nguvu, ukapiga shuka, shuka likaingia ndani na kurudi bila sauti. Funguo zikaanguka sakafuni. Umbo likainama, likaokota, likasimama tena. Likahamisha uzito mguu huu, mguu ule.

"Wewe mama," alisema Kufuli.

Mama Pasi aligeuza shati, akalaza kola.

Mahali fulani Bibi wa chumba cha tano akakohoa, kile kikohozi chake cha kusikiliza.

"Mama Pasi."

Alipuliza majivu. Mkaa ulikuwa umebaki wa kola moja tu, na hakutaka kuuharibu. Alianza ncha ya kulia, akaenda taratibu hadi katikati.

Nje, mtu aliyekuwa hajawahi kulitamka neno hilo katika jengo lile alisafisha koo.

"Hodi."

Mama Pasi alimaliza ncha ya kushoto. Aliiweka pasi juu ya kigae chake, akalitundika shati la mhasibu, akatazama kama mikono imesimama. Ilikuwa imesimama.

"Nani?" aliuliza.