Kishimo cha Bi Otylia

Hyjdla wa nyumba ya chini anasema yeye ndiye aliyeona mwanzo. Anasema Jumapili ile, baada ya Misa, alipanda ngazi kumrudishia jirani yake sufuria, akapewa sahani ya madonge ya viazi na mchuzi, kama anavyopewa kila Jumapili anaporudisha sufuria ile ile. Alivaa miwani kwa sababu alishuku unywele. Unywele haukuwepo. Ndani ya kishimo cha donge, pale mchuzi unapotuama, aliona alama ya dole gumba lenye kovu kama mwezi mchanga. Akalitambua papo hapo. Lilikuwa dole la Bi Otylia, alilojikata kwa mbao yenye wembe ya kukatia kabichi mwaka wa sabini na nne, Hyjdla mwenyewe akiwa amemshikia kitambaa. Bi Otylia alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita.

"Nikalila," anasema Hyjdla. "Mlitaka nifanye nini? Lilikuwa la moto."

Sehemu hiyo ya kula hakuna anayeibishia.

Aliyepika madonge yale ni Wiesława, mke wa Alojz, na Alojz ni mtoto wa pekee wa Bi Otylia. Wiesława alizaliwa Sosnowiec, ng'ambo ya mto Brynica, dakika chache tu kwa tramu. Lakini katika zile nyumba za matofali mekundu za wachimba makaa, mtu wa ng'ambo huitwa gorol, na mwanamke huitwa gorolka, hata akikaa mpaka meno yamwishe. Yeye alikuwa amekaa miaka ishirini na sita. Waliomwita gorolka kwenye ngazi walikuwa wakimtania, na waliomwita mkwe wa Otylia walikuwa wakimheshimu. Jina lake lenyewe lilikuwa limebaki kwenye cheti cha ndoa, ndani ya kabati, chini ya vitambaa vya meza.

Enzi za mama mkwe, Wiesława ndiye aliyechemsha viazi, akavimenya, akaviponda. Alivisawazisha ndani ya bakuli, akavigawa robo nne kwa kisu, akatoa robo moja, akajaza pengo lake kwa unga wa viazi, kama inavyotakiwa. Akakanda na yai, akaviringa madonge. Halafu akasogea pembeni. Bi Otylia alikuja, akanawa mikono, akabonyeza kishimo kimoja katika kila donge, akaenda kuketi.

"Usinune, mwanangu," alikuwa akisema. "Dole la gorolka linavujisha mchuzi."

Na mezani watu wote walisifu madonge ya Bi Otylia.

Alipozikwa, Wiesława akaanza kubonyeza mwenyewe. Vishimo vyake vilikuwa vyembamba, virefu kidogo. Watu walikula bila neno. Alojz, aliyestaafu mgodini na sasa anafuga njiwa wa mashindano, alikuwa akisema "Si mabaya," kwa sauti anayomwambia njiwa aliyerudi wa mwisho. Mwaka baada ya mwaka vishimo vikapanuka, vikawa vya mviringo, na mwaka huo wa tisa vikatoka na kovu. Alojz alikula kumi na manne, akafungua mkanda.

"Hapo sasa," alisema.

Ndio mwaka ambao parokia iliamua kumtuza mpishi bora wa mlo wa Jumapili. Zawadi ilikuwa cheti na kibao cha bati chenye jina la mpishi, cha kupigiliwa mlangoni mwa ukumbi, ambapo kila anayekwenda harusi au matanga lazima akisome. Wiesława alijaza fomu siku ya kwanza. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akalitazama, akalipitia tena kwa kalamu. Hakumwambia mtu, lakini siku iliyofuata alikwenda ukumbini akaupima ule mlango kwa shubiri.

Kamati ilifika Alhamisi saa saba mchana. Mwenyekiti alikuwa Bi Kunegunda wa kwaya, mwanamke mpana mwenye daftari, na mjumbe wake mzee Rufin, askari mstaafu wa upelelezi. Hyjdla alikuja pia. Alikuwa na sufuria ya kurudisha.

Walianza na mikunjo ya nyama, ile yenye bekoni na tango la chumvi ndani, wakaja kwenye kabichi nyekundu, na walipofika kwenye madonge ndipo Rufin alipotoa lenzi mfukoni. Alitazama donge moja. Akainuka akaenda dirishani. Mwaka wa themanini na moja Bi Otylia aliweka kioo kipya cha jiko kwa mkono wake, na dole lake lilikuwa limekaukia mahali saba kwenye puti inayoshikilia kioo. Rufin aliweka donge kwenye uma, akalisogeza karibu na puti, akatazama huku na huku.

"Ni yeye," alisema. "Marehemu."

"Nimepika mimi," alisema Wiesława.

"Hakuna anayekukatalia, mama. Umepika wewe. Sisi tunazungumzia vishimo."

"Na vishimo nimebonyeza mimi."

Bi Kunegunda alifunga daftari nusu. "Basi bonyeza tuone, dada. Tusije tukaambiwa kamati ina upendeleo."

Wiesława alileta sinia la madonge mabichi. Alibonyeza kwa dole gumba la kulia, na kikatoka kishimo cha Bi Otylia. La kushoto likatoa kile kile. Alibonyeza kwa kidole kidogo, kikatoka kishimo kipana cha dole gumba, na kovu lake. Wakati Rufin anapima kwa rula, Wiesława alichukua kijiko cha mbao, akabonyeza kwa mpini. Mpini nao ukatoa dole la Bi Otylia.

"Hata kijiko anakijua," alisema Hyjdla. "Alikuwa mkali, huyo, Mungu amrehemu."

"Jaribu wewe, Alojz," alisema Bi Kunegunda.

Alojz alinyoosha mkono bila kuinuka, akabonyeza. Kilitoka kishimo cha Alojz, kikubwa, kimekaa upande. Hyjdla alibonyeza, kikatoka cha Hyjdla. Rufin aliandika hayo yote.

Yakabaki masharti. Bi Kunegunda aliyasoma kwa sauti ya somo la Jumapili: mpishi awe mkazi wa mtaa kwa miaka isiyopungua thelathini. Wiesława alikuwa na ishirini na sita. Bi Otylia alizaliwa mtaani, na makaburi nayo yako mtaani, kwa hiyo hakuwa amehama.

"Masharti hayasemi lazima awe hai?" aliuliza Wiesława.

Bi Kunegunda aligeuza ukurasa, akageuza tena. "Hayasemi."

"Sasa andikeni majina mawili."

"Bati ni dogo, dada."

"Nimepima mlango. Mlango ni mkubwa."

"Mlango ni mkubwa, ndiyo," alikubali Bi Kunegunda, "lakini bati limeshakatwa." Kisha akauliza kama kabichi imebaki.

Kibao kilipigiliwa siku ya sikukuu ya parokia. Alojz alivaa suti, akapokea cheti kwa niaba ya mama yake, akalia kidogo, watu wakampiga mgongoni. Wiesława alikuwa jikoni mwa ukumbi, kwa sababu wageni walikuwa sitini na madonge yalihesabiwa saba kwa kila mmoja. Baada ya hapo watu wa ngazini wakaacha kumwita gorolka. Walimsalimia, "Habari za asubuhi, Bi Otylia," kwa adabu, na wengine walimwomba ushauri wa siki ya kabichi.

"Umeona?" Alojz alimwambia. "Na ulikuwa unasema hawakupendi."

Jumapili iliyofuata meza iliandaliwa saa saba kamili. Alojz alikaa mahali pake, na Hyjdla, ambaye sufuria yake ilikuwa chini ya kiti, akakaa karibu na mchuzi. Wiesława alitua bakuli katikati. Hakwenda kuchukua kabichi. Alisimama, mikono ndani ya aproni.

"Mama, leo umejipita mwenyewe," alisema Alojz na mdomo umejaa.

"Alojz," alisema, "niite jina langu. Mara moja tu, halafu ule."

Alojz aliweka uma chini, jambo asilolifanya ovyo. Alimtazama mkewe vizuri, kwa upendo, akafungua mdomo, akaufunga. Akamgeukia Hyjdla. Hyjdla alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha meza, akaivaa tena. Wote wawili walikuwa wakifikiri, tena kwa bidii, na mchuzi ukaanza kuganda.