Winchi Isiyoshika

Revelian alikuwa na domo, hilo Mbagala nzima wanalijua. Angeweza kubishana na redio mpaka ikazimwa. Neno moja tu lilikuwa halimtoki kinywani, nalo ni "nimekosea". Mkewe Sekela alimwambia mara nyingi kwamba hilo neno atakuja kulitafuta siku moja na asilipate, naye akacheka, akasema Wahaya hawakosei, wanapotoshwa na watu.

Kazi yake ilikuwa kubeba magari mabovu. Alikuwa na Hilux nyeupe iliyokwishachoka, na nyuma yake trela ndefu ya chuma. Gari likizima Gongo la Mboto au likijibamiza Kigamboni, mwenyewe anapiga simu, na Revelian anakwenda na shemeji yake Tusajigwe, kaka wa Sekela, Mnyakyusa mpole mwenye mabega mapana. Miaka kumi na moja walifanya kazi hiyo bila kugombana, maana mmoja aliongea na mwenzake akavuta.

Walivuta kwa winchi ya mkono, mashine ya kukunja waya, ile ya meno. Unapampu mpini, tak, tak, tak, na gari linapanda trelani juu ya mbao mbili, kidogo kidogo. Ukichoka unaachia, meno yanauma, na gari linabaki hapo hapo hata ukitaka kwenda kunywa chai. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Gari likifika katikati ya mbao wanasimama. Tusajigwe anapita nyuma, anainama, anaangalia kama tairi zimekaa sawa, anaisogeza mbao kwa teke ikibidi. Akiridhika anapiga bodi makofi mawili, pa, pa, maana yake twende. Hakuna aliyemfundisha, wala hakuwahi kuacha hata siku moja.

Halafu ikaja ngiri. Tusajigwe aliificha miezi kadhaa, akitembea amejikunja na kusema ni tumbo tu, mpaka siku alipoanguka uani na kupelekwa hospitali kupasuliwa. Daktari akasema asivute tena kitu kizito, la sivyo mshono utaachia na safari ijayo huenda wasimuwahi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, kaka," Sekela alimwambia pale kitandani huku akilia. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe Baba Koku, nisikilize. Mie ndugu niliyebaki naye ni huyu tu. Tafuta mashine ya umeme. Sitaki kumwona ameshika ule mpini tena."

Revelian akaapa. Na kusema kweli alikuwa na nia, tusimwonee. Alimpenda shemeji yake. Walijinyima wote wawili, na Tusajigwe alipoona kibunda kimetosha akasema jambo moja tu: "Shemeji, ununue kitu cha maana. Usiniletee vitu vya kubahatisha."

Duka lilikuwa Chang'ombe, la Muhsin, mtu wa asili ya Kiarabu ambaye babu yake aliuza misumari mahali hapo hapo. Muhsin aliuza vifaa vya magari na hakuwa na haraka na mteja. Alitoa winchi mbili akaziweka juu ya meza.

"Hii kubwa," alisema, "inavuta na inashika. Ina breki ya haja. Hii ndogo bei yake nusu. Inavuta vizuri, wallahi, siisemi vibaya. Lakini haishiki."

"Haishiki vipi?"

"Imetengenezwa kuburuta, haikutengenezwa kuning'iniza. Gari likiwa njiani juu ya mbao, ukaachia swichi, breki yake inabeba kwa kuomba Mungu. Ikishapata moto, au gari likiwa zito, inaachia. Wewe unabeba gari gani?"

"Ndogo ndogo tu," Revelian alisema. "Vitz, Starlet."

Uongo mtupu. Alikuwa akibeba chochote kilichozimika. Lakini ile bei ilikuwa imeshamwingia kichwani, na tairi mbili za trela zilikuwa zimekwisha kabisa, nyuzi zinaonekana. Alipiga hesabu ya haraka: winchi ndogo na tairi mbili mpya kwa pesa ile ile. Nani angekataa?

Muhsin akaisukuma ile ndogo mbele yake. "Haya. Basi kila mnaposimama, jiwe nyuma ya tairi. Na mtu asipite nyuma. Mwambie na mwenzako."

"Shehe wangu, mie na vyuma tumezaliwa pamoja."

"Nakujua wewe, ukiongea masikio yanaziba." Muhsin akachukua kalamu ya wino mzito, akaliinamia boksi na kuandika ubavuni kwa herufi kubwa. HAISHIKI. JIWE NYUMA YA TAIRI. MTU ASIPITE NYUMA. "Umwonyeshe na mwenzako," alirudia.

Njiani Revelian alikuwa na nia ya kumwonyesha. Alipofika nyumbani, Tusajigwe alikuwa ameketi kibarazani anamsubiri, mkono tumboni juu ya mshono, macho yanang'aa kama ya mtoto siku ya Krismasi.

"Ndiyo hiyo? Mbona ndogo?"

Hapo ndipo angesema. Angesema, shemeji, nimechukua ya bei nafuu, tupate na tairi, ila ina masharti yake. Maneno kumi na mawili tu, yeye aliyekuwa anatoa elfu kabla ya chai!

"Ndogo lakini kiboko," alisema. "Muhsin mwenyewe ndiye aliyenichagulia."

"Inashika kama ya zamani?"

"Inashika hata tembo."

Tusajigwe akacheka, akaipapasa. Revelian akaitoa winchi, akalibeba boksi ndani na kulisukuma chini ya kitanda, maandishi yakitazama ukuta. Alijiambia atamweleza kesho, wakishaifunga. Kesho yake waliifunga, ikavuta Starlet moja ya Tandika kama inavuta mkokoteni, Tusajigwe akashangilia, na Revelian akaona si vizuri kumharibia furaha.

Badala ya kusema akatafuta jiwe. Aliokota tofali zito la zege, akalitia kwenye trela, na kila waliposimama katikati ya mbao alikimbia mwenyewe kulisukumiza nyuma ya tairi kabla shemeji yake hajainama. Alikuwa mwepesi kweli kweli. Winchi ya umeme ilikuja kumpumzisha Tusajigwe, kumbe Revelian ndiye aliyekuwa anahema.

"Shemeji, siku hizi umekuwa mwoga," Tusajigwe alimtania. "Unaweka tofali kama dereva wa lori la mchanga. Si ulisema inashika tembo?"

"Tahadhari kabla ya hatari, bwana."

"Enzi za meno hukuwa na tahadhari. Au unazeeka?"

Wakacheka wote wawili. Siku zikaenda, wiki saba. Ilikuwa inashika. Kila ilivyoshika, Revelian alizidi kuamini kwamba Muhsin alitia chumvi ili auze ile ya bei kubwa. Lakini tofali aliendelea kuliweka, kwa sababu moyo wake ulijua.

Jumamosi moja, asubuhi baada ya mvua, waliitwa Kinyerezi. Mwalimu Genoveva, mama wa makamo, Noah yake ilikuwa imekufa kwenye kilima cha nyumbani kwake, imejaa madaftari ya wanafunzi na magunia mawili ya mchele. Njia ilikuwa ya mteremko, tope jekundu. Revelian alirudi nyuma na Hilux mpaka mbele ya Noah, akashusha mbao, akaufunga waya. Kisha akaenda kwenye kona ya trela kuchukua tofali lake, asilione.

"Tofali liko wapi?"

"Nimelishusha jana," Tusajigwe alisema. "Dada kaomba la kuzuia mlango wa banda la kuku. La nini bwana, uzito wa bure."

Revelian aliinama kutafuta chini ya trela. Alitazama huku na huku. Barabara ilikuwa tope tupu, hakuna hata jiwe la ukubwa wa ngumi. Angeweza kwenda kwa jirani kuomba. Angeweza kushusha magunia ya mchele na kuyaweka nyuma ya tairi. Lakini mwalimu alikuwa amesimama na mwavuli, akiangalia saa, akisema ana mtihani wa kusimamia, na Revelian alikuwa ameshamwambia kwenye simu kwamba mashine yake ni dakika tano.

"Leo usipite nyuma," alisema.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Tope. Utateleza."

"Shemeji!" Tusajigwe akacheka kicheko chake kile cha taratibu. "Miaka kumi na moja sijateleza, niteleze leo?"

Ilibaki sentensi moja. Revelian aliihisi ulimini kabisa. Na wakati huo huo aliona jinsi uso wa Tusajigwe utakavyobadilika, jinsi atakavyouliza, kumbe ulijua tangu mwanzo? Ukaniambia Muhsin kachagua? Akaona aibu, aibu mbele ya mteja, akaimeza sentensi na kubonyeza swichi. Alijiambia atavuta mfululizo, hatasimama kabisa, na Tusajigwe hatakuwa na sababu ya kupita nyuma.

Noah ikapanda. Winchi ililia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, nene, ya kukwama. Harufu ya kuungua ikatoka. Katikati ya mbao tairi ya kushoto ikaanza kuteleza pembeni kwa sababu ya tope, ikawa inaning'inia nusu nje.

"Simama, simama!" Tusajigwe alipaza sauti. "Itaanguka!"

Revelian akaachia swichi. Gari likasimama. Alifungua mdomo, na Tusajigwe alikuwa ameshapita nyuma, ameshainama, anaisogeza mbao kwa mguu kama alivyofanya siku zote.

"Toka!" Revelian alipiga kelele. "Toka hapo, haishiki!"

Hatimaye alisema. Tusajigwe aliinua uso kumtazama, kwa mshangao tu, maana hakujua ni kitu gani ambacho hakishiki. Waya ukalegea na Noah ikarudi nyuma yote kwa mpigo.

Tusajigwe alikata roho njiani, kabla hawajafika hospitali, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mwalimu Genoveva. Mshono wa ngiri ulikuwa mzima.

Msiba uliwekwa Mbagala, maturubai mawili uani, na jamaa wakaanza kuchangishana wausafirishe mwili mpaka Tukuyu. Revelian alikaa kwenye kiti cha plastiki, watu wakimshika bega na kumpa pole. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema, na watu wakasema masikini, angalia alivyokuwa anampenda shemeji yake. Kila pole ilimchoma.

Siku ya pili Gregori, mjomba wa marehemu aliyetoka Mbeya na basi la usiku, alisimama mbele ya wanaume. "Mtoto wetu ameuawa na kitu feki," alisema. "Huyo aliyekiuza yupo, ana duka, anakula na kulala. Kesho tukishaaga mwili tunakwenda kwake na polisi." Wakaitikia. Revelian aliangalia vidole vya miguu yake.

Kabla ya adhuhuri Muhsin akaja mwenyewe, amevaa kanzu, bila kuitwa na mtu. Alitoa pole kwa wazee mmoja mmoja, kisha akaelekea kwenye meza ya rambirambi, ambapo kinamama walikuwa wameweka boksi lenye tundu juu. Sekela alikuwa ameketi pembeni yake, kanga kichwani, macho yamevimba.

"Kaka Muhsin," alisema bila kuinuka. "Ulimuuzia mume wangu kitu gani?"

Muhsin alikuwa analitazama boksi. Kisha akamtazama Revelian, akangoja.

Revelian naye akalitazama. Lilikuwa lile la winchi; wanawake walilichukua chini ya kitanda, wakamwaga madaftari ya zamani ya mtoto wao Koku, wakatoboa tundu na kuliweka mezani kando ya ukuta, ubavu ule ule ukitazama ukuta. Tangu jana watu walikuwa wanatia pesa za kumzika Tusajigwe ndani yake. Hakuna aliyeligeuza. Muhsin naye hakuligeuza, ingawa alikuwa hatua moja kutoka pale na mjomba alikuwa ameshaanza kumsogelea.

Revelian akainuka. Akaweka mkono juu ya boksi na kuligeuza.

Sekela alisoma polepole, kwa sauti, kama anayemsomea mtu asiyeona. "Haishiki. Jiwe nyuma ya tairi. Mtu asipite nyuma." Halafu akauliza, "Kaka alikuwa ameyaona haya?"

"Hapana," Revelian alisema.

"Wewe uliyaona."

"Niliyaona. Nimekosea, Mama Koku. Nimekosea."

Mjomba Gregori aliketi chini kwenye jamvi, mzito, kama aliyepigwa. Sekela alimtazama mumewe, bila kulia, bila kupaza sauti.

"Toa mkono wako kwenye boksi la kaka yangu," alisema.