Wafe, Lakini Wasife Wote

Fundi saa alipofunga kibanda chake hakumwambia mtu kwamba kazi imekufa. Alisema anapumzika kidogo. Watu walikuwa wanatazama saa kwenye simu, na wachache waliobaki na saa za mkononi walizivaa kama pambo, hata zikisimama ni sawa tu. Basi akajikuta yuko nyumbani mchana kutwa na mama mkwe wake, mtu aliyemheshimu kiasi cha kutojua amwambie nini. Mkewe alikuwa muuguzi, akitoka asubuhi anarudi jioni. Katikati hapo walibaki wawili hao, kila mmoja na kiti chake, wakisikilizana wanavyokohoa.

Aliyewatoa kwenye viti ni shemeji yake, kitinda mimba wa huyo mama mkwe. Siku moja alimletea mbegu za uyoga zilizofungwa kwenye gazeti, na gunia zima la mabua makavu.

"Unayakata vipande, unayaloweka, unayapasha moto kwenye pipa," shemeji akamweleza, kofia ya pikipiki ikiwa bado kichwani. "Yakipoa unachanganya na mbegu, unashindilia kwenye mifuko ya plastiki. Ila shemeji, maji yasichemke. Yawe ya kuunguza mkono tu, uyashikilie hapo hapo kama saa moja."

"Yakichemka je?"

"Utaua kila kilichomo."

"Si ndiyo tunachotaka, vijidudu vife?"

"Wafe, lakini wasife wote. Wako wema humo, wanalinda nafasi mpaka uyoga ujikalie."

"Sasa maji ya moto yatamjuaje nani mwema?"

Shemeji akacheka, akawasha pikipiki, akaondoka. Fundi akabaki uani na swali lake. Maisha yake yote alikuwa ameshika vitu ambavyo ama vinatembea au havitembei. Habari ya kuua nusunusu haikumwingia.

Alitafuta kipimajoto, akapata kile cha homa ambacho mkewe alikiweka kabatini. Alipokichovya kwenye pipa kikaandika herufi zisizosomeka, kisha kikazima moja kwa moja. Basi akatumia mkono. Alitia mabua kwenye gunia, akalizamisha kwa jiwe, akasimama juu ya moto kama mtu anayebembeleza mtoto: mapovu madogo yakianza kupanda anachomoa kuni, yakitulia anairudisha. Fungu la kwanza likatoka, akalitundika lichuruzike maji.

Fungu la pili likiwa motoni, jirani akabisha hodi na saa ya ukutani iliyogoma. Fundi aliifungua pale pale mlangoni, akapotelea ndani yake. Aliporudi uani, pipa lilikuwa linatokota, maji yanaruka mpaka chini, na mama mkwe amesimama pembeni na kuni mkononi.

"Moto ulikuwa unakufa, baba. Nimekusaidia."

"Ahsante, mama. Ila shemeji alisema…"

"Shemeji yako mimi ndiye niliyemfundisha kuchemsha maji."

Fundi akalivuta gunia kutoka pipani. Angeanzia wapi kumkosoa?

Yalipopoa, waliyamwaga mabua yote kwenye turubai safi, kila fungu upande wake. Mama mkwe alinawa mikono, akakaa kuchanganya naye. Akachota konzi, akalikamua: yakatoka matone machache, siyo mchirizi. "Hapa sawa," akasema. Wakati wanashindilia mifuko alianza kumsimulia jinsi mkewe, alipokuwa mdogo, alivyomfunga mbuzi bandeji miguu yote minne na mbuzi akashindwa kwenda malishoni. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Walipomaliza kuitundika mifuko stoo, ndipo alipokumbuka kwamba alitaka kutia alama ile ya mabua yaliyochemka. Akaitazama. Yote ilifanana.

Siku zikapita. Mifuko mingine ikafunikwa na utando mweupe pe, mingine ikaota madoa ya kijani. Fundi aliingia stoo, akatoka, akaingia tena. Cheupe kilifanana na ukungu wa mkate. Kijani ndiyo rangi ya kitu kinachoota. Au sivyo?

"Hii myeupe imeoza," mama mkwe akakata shauri. "Tuitupe kabla haijaambukiza mingine."

Naye fundi akaibeba mwenyewe mpaka jalalani.

Hazikupita dakika nyingi, shemeji akafika kutazama kazi. Akachungulia stoo, akashika kichwa. "Hii ya kijani ndiyo ugonjwa! Myeupe iko wapi?"

Mkokoteni wa taka ulikuwa umeshaizoa jalalani na kufika pembeni mwa barabara. Fundi alikimbia na kandambili, moja ikamtoka njiani, akipiga kelele, "Simama! Uyoga wangu huo!" Msukuma mkokoteni alisimama kwa mshangao tu. Mifuko kadhaa ilikuwa imepasuka. Iliyobaki mizima fundi akaikumbatia akarudi nayo.

Mama mkwe alikuwa amejifungia chumbani. Fundi akasimama mlangoni.

"Mama, hata mimi niliona ni ukungu."

Kisha sauti ikatoka, "Siku ile ya moto nilikukosea, sivyo?"

"Nadhani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, mama."

Mlango ukafunguka. "Unaniogopa mimi? Mimi ndiye ninayekuogopa wewe! Mtu ananyamaza kutwa nzima, utajuaje anawaza nini?"

Hilo lilimchanganya fundi kuliko mambo ya pipa.

Mifuko iliyookolewa ilitoa uyoga, vishada vilivyojipanga kama masikio. Shemeji akauliza ni ya fungu lipi, lililochemka au lisilochemka. Wakatazamana. Hakuna aliyejua, na mpaka leo hajulikani wa kumuuliza.

Walipopika mabua kwa mara ya pili, viti vyao vilihamia uani, kimoja upande huu wa pipa na kimoja upande ule.

"Baba, hebu njoo," mama mkwe akaita. "Haya mapovu ni ya kuchemka, au ni ya kawaida tu?"

Fundi akainama, akatazama sana. "Mama, mimi sijui."

"Basi chomoa kuni moja."

Akachomoa.