Mwavuli wa Zambarau

Mwavuli ambao mzee mmoja aliuleta kwenye kaunta ya duka asubuhi ile ulikuwa wa kike, wa rangi ya zambarau, na kijiti chake kimoja cha chuma kilikuwa kimetoboa kitambaa kikachungulia nje.

Mwezi mmoja nyuma, Mizue Karasawa angemwambia yule mzee anunue mpya. Meneja aliyeondoka aliwapima wafanyakazi kwa saa: mteja mmoja, dakika mbili. Alipiga marufuku kutengeneza vitu vya wateja. Miaka mitatu Mizue aliinama, akatabasamu, akasema "karibu tena" kwa sauti isiyo na mwenyewe, kisha akarudi kwenye chumba chake mjini Niigata, Japani, ambako hakuna aliyemuuliza lolote.

Ndipo akaja Meneja Isobe, wa umri wa kuwa binti yake. "Bi Karasawa, hapa dukani unajivunia nini?" aliuliza siku ya kwanza. Mizue alilala na swali lile, akaamka nalo.

"Miavuli," alisema kesho yake. "Najua kuitengeneza."

Kabla ya wiki kwisha, koleo, nyuzi na vijiti vya akiba vilikuwa kauntani.

"Umevunjikaje, mzee?" Mizue aliuliza sasa, akiukagua mwavuli wa zambarau.

"Mke wangu alinipiga nao. Nilisahau siku yake ya kuzaliwa."

Mizue akacheka. "Basi ulistahili! Akija kuuchukua nitampa mkono wa hongera."

"Hatakuja, dada. Huu ni mwaka wa nne tangu tumzike."

Koleo likasita. Nyuma ya mzee foleni ilikuwa imerefuka, mtu akasonya. Mazoea ya zamani yakamsukuma Mizue aharakishe. Lakini Isobe alikwisha kusimama kwenye kaunta ya pili.

"Karibuni huku kwangu, jamani."

Hakumtupia Mizue jicho hata mara moja, na Mizue akajua kwamba ameaminiwa.

Alishona polepole, mshono kwa mshono. Alipomaliza aliufungua juu ya vichwa vyao wawili. Mzee akainua uso, akasimama pale chini ya zambarau muda mrefu.

"Angejua nimengoja miaka minne kuuleta," alisema, "angenipiga tena."

Jioni Mizue alifungua mlango wa chumba chake.

"Nimerudi," alisema, salamu ya anayeingia nyumbani, neno ambalo halikuwa limemtoka tangu mama yake afariki.

Jokofu lilinguruma, likanyamaza. Alibaki mlangoni, viatu mkononi, akisikiliza kama kuna atakayemjibu.